Kilo 23 zimeondoka, kiuno kimebaki palepale

Siku mzani uliponisomea 73 nilikuwa peke yangu chumbani, mlango nimetia komeo, nimejifunga kanga moja tu ili nguo zisije zikanidhulumu gramu zangu. Nilianzia 96. Nikapiga picha ile namba kwa simu, nikaiangalia mara tatu, alafu nikainama niuokote mzani niurudishe uvunguni. Hapo ndo kiuno kikakamata. Sijui niwaelezeje, ni kama mtu kaingiza ufunguo kwenye kitasa kauzungusha kauacha humohumo. Nikabaki nimeinama, mkono mmoja kwenye mzani mwingine kwenye kitanda, komeo liko mbali, na huko nje mwanangu anaita mama, mteja wako wa dera kaja.

Nilicheka huku nalia wallahi. Maana miezi 14 yote ile ya kuikimbia chapati kila mtu alikuwa ananiambia kitu kimoja, punguza mwili mama, huo mgongo utaacha wenyewe.

Mie ni fundi cherehani, hapa hapa Tanga, Ngamiani kwenye zile barabara zetu za namba, nimekaa kwenye stuli miaka zaidi ya 20 sasa. Cherehani yangu ni ya miguu, nakanyaga. Kazi yenyewe unaijua, unakaa umejikunja kama kamba, macho kwenye sindano, shingo mbele, na ikifika Ramadhani watu wote wamekumbuka leo kwamba Idi ipo, basi unakaa kuanzia baada ya alfajiri mpaka saa saba usiku. Nikitoka hapo nyumbani nako kuna kufua, kuna kukuna nazi, na mnaojua mbuzi ya nazi mnajua ile mikao yake, umepanua magoti umejikunja juu ya kibao mgongo umekuwa upinde. Kiuno kikaanza kuniuma taratibu, mwanzoni asubuhi tu, baadae na jioni, baadae nikawa naswali kwenye kiti. Hilo la kiti ndo liliniuma kuliko maumivu yenyewe. Mama yangu ana miaka 71 anasujudu chini, mie wa miaka 46 nimekaa kitini nyuma yake kama ndo yeye mtoto.

Presha nayo ikapanda, daktari akaniambia uzito, nikasema sawa. Nikaacha soda, nikaacha chapati na maandazi ya asubuhi, wali nikapima kwa kikombe cha chai, usiku nakula kabichi na matango na maji ya ndimu. Mazoezi hapana, ningefanya saa ngapi. Na kweli nikapungua. Kilo 23 ni ndoo ya maji ya lita 20 imejaa mpaka mdomoni na jagi kubwa juu yake, nilikuwa natembea nayo siku zote, nalala nayo, nashona nayo. Presha ikashuka, magoti yakanyamaza kabisa, pumzi nikaipata. Sitaki mtu asome hapa aseme kupungua hakuna maana, kuna maana sana na sirudi 96 ng'o.

Ila mtaa sasa! Huku kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza, ukipungua watu wanakaa kimya alafu wanakuangalia mikono. Kuna shoga yangu alinivuta pembeni msibani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shoga, ulishapima?" Nikamwambia nimepima, presha. Akatikisa kichwa kama vile nimemdanganya. Mwingine akaniletea uji wa lishe bila kuagizwa. Baba watoto mwenyewe ikafika mahali ananiambia kila mtu anamuuliza kama kwangu kuna amani, kanichekesha kweli.

Sasa kiuno. Kilivyokamata siku ile ya mzani nilifanya vyote mnavyofanya na nyie. Nikaenda zahanati moja, siitaji, nikapimwa mkojo nikaambiwa ni UTI, maana siku hizi ukisema kiuno tu jibu liko tayari. Nikapewa vidonge siku saba, hakuna kitu. Nikachomwa sindano ya diklofenaki, siku mbili raha tupu, ya tatu kimerudi. Nikachuliwa na bibi mmoja kwa mafuta ya nazi na karafuu, anakandamiza utadhani anakanda unga, na kusema ukweli nililala vizuri usiku ule. Nikaumikwa chuku. Nikaambiwa ni chango. Nikanunua ule mkanda mpana wa kufunga kiunoni, nikaufunga miezi mitatu chini ya dera, joto la Tanga na ule mpira jamani, nilikuwa nikiufungua jioni jasho linachuruzika kama nimetoka kuoga. Alafu nikapiga picha ya mgongo hospitali, na majibu yakasomwa kwa lile neno ambalo kila mtu hapa mjini analijua: pingili zimesagika.

Hilo neno lisikieni vizuri. Zimesagika. Ukiambiwa hivyo unaona kabisa kichwani mwako mawe mawili ya kusagia na unga wa mfupa unamwagika. Nikaacha kuinama. Nikaacha kubeba hata mfuko wa nyanya kutoka sokoni Mgandini, mtoto ndo anabeba. Nikawa natembea kama nimebeba trei la mayai kichwani, na kadiri nilivyojihifadhi ndo kilivyozidi kukaza.

Aliyenitoa huko ni kijana wa mazoezi tiba, wenyewe wanasema fizio, ana umri kama wa mwanangu wa kwanza. Nilienda nimenuna, maana nimetumwa kwenye mazoezi na mie nataka dawa. Swali lake la kwanza halikuwa la kiuno. Aliangalia kadi yangu, akaona uzito wa mwaka jana na wa siku ile, akaniuliza, "Mama, huku kupungua ulikusudia?"

Nikamwambia nilikusudia, tena kwa jasho na njaa. Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba mtu anayepungua bila kutaka na mgongo unamuuma hawezi kumwanzishia mazoezi kabla hajachunguzwa, kwa sababu kuna TB inayokaa kwenye uti wa mgongo sio kifuani, na kuna saratani zinazohamia kwenye mifupa. Akaniuliza na mengine, homa za jioni na kutoka jasho usiku, maumivu yanayoniamsha usiku hata nikigeuka vipi, ganzi sehemu za siri pale unapokalia, mkojo au choo kutoka bila kujijua au mkojo kugoma kutoka, mguu kukosa nguvu. Kote nikasema hapana. Akasema hayo ya mkojo na ganzi na mguu mtu halali nayo nyumbani hata usiku mmoja, anakimbizwa hospitali. Nimeyaandika hapa makusudi kwa sababu kwa wale wa mtaani kwangu waliokuwa wananinong'oneza, kumbe swali lao halikuwa la kijinga kivile, ila waliliuliza kwa namna mbaya.

Baada ya hapo akaniambia nilale chali, magoti juu, nyayo chini, ninyanyue makalio. Rahisi si ndio? Nikanyanyua, sekunde chache tu misuli ya nyuma ya paja ikakaza ikanishika nikapiga kelele, wagonjwa wengine wakageuka. Yule kijana anatabasamu. "Mama, hapa kazi ilitakiwa ifanywe na makalio, yamelala, mapaja yanabeba zamu ya mwenzao." Akanitaka nikae na kusimama kwenye kiti bila kushika popote kwa sekunde 30, nikafika mara 8 nikawa nahema. Kulala ubavu nikajinyanyua kwa kiwiko na goti, sekunde 6, nikaporomoka.

Hapo ndo akanifungulia hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunifungulia. Mtu akipungua kwa kujinyima tu bila kuutumia mwili, haondoi mafuta peke yake, sehemu ya kinachoondoka ni misuli, inaweza kufika hata robo. Mwili haujui unataka kupendeza, unajua kuna njaa, unauza unachokiona hakitumiki. Na mie niliyekaa kwenye stuli miaka 20 misuli ya makalio na ya tumbo la chini na ile midogo midogo inayoshikilia pingili nilikuwa nayo kidogo toka mwanzo. Nikaenda nikauza na hicho kidogo. Mzigo nimeushusha, sawa, na walionisaidia kuubeba nimewafukuza kazi siku hiyohiyo. Ndo maana hata stuli ilikuwa inaniuma sasa, zamani nilikuwa na mto wangu wa kuzaliwa nao!

Nikamuuliza, na pingili zilizosagika je? Akacheka, sio kwa dharau. Akasema watu wengi tu mtaani wanatembea na picha mbaya kuliko yangu na hawaumwi chochote, ni kama mvi za ndani. Mie mbishi, nilivyorudi nikatafuta mwenyewe kwenye simu usiku, nikakuta kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1994, walichukua watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo wakawapiga picha ya MRI, zaidi ya nusu wakakutwa diski, ile mito laini kati ya pingili, zimetokeza angalau sehemu moja. Hawaumwi! Shirika la Afya Duniani nalo linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwa walio wengi kabisa, kama tisa kwenye kumi, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuuonyesha kidole ukasema ndo huu. Kwenye mwongozo wao wa mwaka 2023 mazoezi yapo na kumfundisha mgonjwa kupo, na mkanda umewekwa kwenye vitu wasivyoshauri kutumiwa kama tiba ya kawaida. Mkanda wangu nikampa mama akafungia godoro.

Siku ile nilitoka na mazoezi manne tu na fimbo ya fagio. Nayaeleza kama ninavyoyafanya, ila mwenzangu ukiwa na kiuno chako nenda ukaonwe kwanza, sio usome kwangu ukaanze.

La kwanza ni lile la kunyanyua makalio, daraja. Siri yake kumbe sio kunyanyua juu sana, ni kuyabana makalio kwanza kama umeshika noti ya elfu kumi katikati na mtu anataka kukunyang'anya (maneno yake kijana, mie nilishika kanga mdomoni kwa kucheka), ndo unanyanyuka taratibu, unakaa pumzi mbili, unashuka. La pili unapiga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande wa pili mbele, mgongo usitikisike, aliniwekea kikombe cha plastiki kiunoni chenye maji kidogo nisimwage. Nilimwaga. Wiki ya kwanza nililowa kila siku. La tatu ni lile la ubavu, kwenye magoti. La nne unalala chali mguu mmoja umeukunja mmoja umenyooka, viganja chini ya kiuno, unanyanyua kichwa na mabega kidogo tuu kama unataka kuona nani kaingia mlangoni, basi. Sio zile za kujikunja mpaka magotini kama tulivyokuwa tunafanyishwa shuleni. Haya matatu ya mwisho anasema yamepata umaarufu kupitia profesa mmoja wa Kanada anaitwa Stuart McGill, amefanya kazi miaka mingi kwenye chuo kikuu cha Waterloo anapima migongo. Unashika sekunde 8 mpaka 10, unaachia, unarudia mara chache, hutakiwi kukomaa mpaka utetemeke.

Fagio sasa. Aliniwekea fimbo mgongoni kwa urefu, iguse kichwa, iguse kati ya mabega, iguse juu ya makalio, akaniambia inama na fimbo isitoke popote. Sikuweza! Nilikuwa najua kuinama kwa mgongo tu. Kuinama kwa nyonga, yaani makalio yanaenda nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa makalio na mikono umebeba vitu, hiyo nilijifunza nikiwa na miaka 46. Ikanichukua karibu wiki mbili mbele ya kioo cha chumba cha kushonea, wateja wanachungulia wanadhani najipima dera.

Alafu akaniuliza asubuhi naanza na nini. Nikasema naswali, nafagia uwanja. Na fagio gani? La chelewa, lile fupi. Akashika kichwa. Kumbe usiku ukilala zile diski zinanyonya maji zinajaa, ndo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni, na zikiwa zimejaa vile kuinama sana ndo kunazichosha zaidi, saa la kwanza baada ya kuamka ndo baya. Na sisi wanawake wa pwani ndo saa lenyewe la kufagia, tena uwanja mzima, umejipinda mkono mmoja mgongoni. Akasema fagia saa tatu, au tafuta fagio la mpini. Nilinunua la mpini. Majirani walinicheka wiki nzima, ati nimekuwa mfagiaji wa manispaa. Ila hilo peke yake, kabla hata mazoezi hayajakolea, lilinipunguzia nusu ya kero ya asubuhi, na halikuwa na jasho hata tone.

Chakula pia alinigombeza. Kabichi na matango havijengi msuli. Sasa nakula samaki wa soko la Deep Sea wakiwa bei nzuri, wakikosekana dagaa, mbaazi, maharage, yai. Mzani umepanda mpaka 75 na sijali, nguo ni zilezile.

Na kutembea. Hapo Tanga tumebarikiwa maana mji wetu tambarare, ndo maana hata baiskeli zimejaa hivi, huna mlima wa kukukatisha tamaa. Nilianza dakika 10 baada ya alfajiri, naenda narudi barabara yangu tu. Nikaongeza taratibu mpaka nikawa nafika kule Raskazone, bahari iko kushoto imetulia, kile kisiwa cha Toten kinatoka kwenye ukungu, wavuvi wanarudi. Siku nyingine tukiwa wanawake wawili watatu tunaingia majini na madera yetu tunatembea maji ya kifuani, na huko jamani kiuno unakisahau kabisa, maji yanakubeba. Nimesoma kwamba Australia walifanya jaribio likatoka mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa mgongo, nusu wakapangiwa kutembea taratibu mpaka wafikie nusu saa mara tano kwa wiki na wakawa wanaonana na fizio, wengine wakaachwa waendelee wenyewe. Waliotembea, wale wa katikati walikaa siku 208 kabla shida haijarudi, wasiotembea siku 112. Angalia hapo vizuri, hawakusema haijarudi. Imechelewa kurudi. Nilipenda huo ukweli, maana kwenye simu kila mtu anauza dawa ya "kumaliza kabisa".

Na yangu ilirudi. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, nina oda za madera mpaka kwenye kapu, nikasema mazoezi nitafanya baada ya Idi. Wiki nzima sijanyanyua hata goti, nakaa mpaka saa nane usiku. Usiku wa ishirini na nane nikanyanyuka kwenye stuli, tak. Ule ufunguo. Nikasimama nimeshika cherehani na mawazo ya kwanza ni kwamba zile pingili ndo zimekwisha sasa. Zamani ningelala kitandani wiki tatu, na kweli mara ya kwanza nililala hivyo. Safari hii nikampigia yule kijana, akasema usilale, tembea hata ndani ya nyumba, dakika tatu tano, ukichoka kaa, rudia. Nikawa natoka chumbani naenda jikoni narudi, kama ng'ombe anayezungusha kinu, mama anapika futari ananiangalia. Siku ya nne nikawa sawa kiasi cha kumaliza dera la mwisho nikiwa nimesimama kwa vipindi. Mteja alilipata asubuhi ya Idi, kachelewa swala, alininunia mpaka mfungo tatu.

Sasa hivi simu yangu inalia kila baada ya dakika 30. Ikilia nanyanyuka mara 10 kutoka kwenye stuli bila kushika, nanyoosha kidogo, nakaa. Wateja wapya wanashtuka. Mmoja alidhani ni saa ya dawa zangu za presha, nikamwacha aamini hivyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ndoo pia. Hii naipenda kuliko zote. Alivyoona fimbo haitoki tena mgongoni akaniambia chukua ndoo, tia maji lita 5, inama kwa nyonga, nyanyua, weka chini. Nikaongeza lita kila nilipoona nimezoea. Miezi sita ikapita. Siku nilipojaza lita 20 nikainyanyua uwani, nikaiweka, nikainyanyua tena, nikasimama nayo, ikanijia kwamba uzito huu ndo ule niliokuwa nimeuvaa. Nikakaa nayo mkononi kidogo. Alafu nikaenda kumwagilia mchicha, maji yasipotee.

Kilichonichekesha zaidi ni siku kijana aliponifundisha zoezi la kulegeza, nilale chali magoti juu, nibonyeze kiuno kwenye mkeka alafu nikiinue kidogo, polepole, mbele nyuma. Anatafuta maneno ya kunielezea, anasema nyonga izunguke kama bakuli la maji unalimimina. Nikamwambia baba, mie ni mtoto wa kike wa Tanga, nimewekwa ndani nimefundwa, hilo unalonifundisha mie nililijua kabla hujazaliwa ila kwa ngoma! Aliona haya mpaka akaangalia dirishani. Ila kweli, harusi zote za miaka mitatu nilikuwa nakaa kwenye kiti napiga makofi tu. Mwezi uliopita mtoto wa dada kaolewa, ngoma ikapigwa, nikasimama. Sikucheza sana, raundi mbili, taratibu, wenzangu wakanitunza noti kichwani, na asubuhi yake nikaamka kiuno kimechoka kile kuchoka kwa kazi, sio kile kingine. Sa hivi naijua tofauti.

Kwenye swala nimerudi chini. Sio rakaa zote siku zote, siku mbaya nachukua kiti na sioni aibu.

Mama yangu alikuwa anasema haya mazoezi ni ya wazungu wasiokuwa na kazi. Wiki iliyopita nikamkuta ametandika mkeka wake pembeni ya wangu, kajilaza chali, kanga kaifunga vizuri, magoti juu, anangoja nianze. Daraja lake linanyanyuka kama vidole viwili tu kutoka chini ila anabana kwelikweli, uso umekunjamana. Kazi ya kuhesabu nimempa yeye. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, saba, na nikimwangalia ananiambia fanya yako.